Mkasi wa Delémont

Mkasi uliokuwa ukitengenezwa na kampuni ya Wenger huko Delémont, mji mdogo wa Jura nchini Uswisi, hauna springi yake. Ni mkasi mfupi unaolala ndani ya kisu cha kukunja, umebanwa na zana nyingine kushoto na kulia. Unautoa kwa ukucha, unasimama, unaubana, unakata. Ukiuachia, unafunguka wenyewe. Ukiugeuza huku na huku kutafuta kinachoufungua, hukioni, kwa sababu nguvu hiyo inatoka mgongoni mwa kisu. Ule ufito wa chuma unaozikaza zana zisichezecheze ndio huohuo unaousukuma mkono wa mkasi urudi mahali pake. Fundi wa Delémont alikitazama kipande kilichokwisha kuwa na kazi, akakiongezea nyingine, na hapo akawa amepunguza kitu kimoja kinachoweza kuvunjika.

Makali ya mkasi huo yana vijino vidogo sana, ambavyo utavihisi kwa ncha ya kidole kabla hujaviona kwa macho. Kazi yake ni kukishika kinachokatwa. Mkasi mfupi una tabia ya kuusukuma uzi au kamba mbele badala ya kuikata, na vijino vinaizuia kamba isikimbie.

Upande mwingine wa nchi, katika kijiji cha Ibach jimboni Schwyz, kampuni ya Victorinox ilikuwa na mkasi wake. Huo una kijispringi chembamba kilichochomekwa kwenye mkono mmoja na kuegemea mwingine. Makali yake ni laini, na hukata karatasi kwa unyoofu unaopendeza. Kijispringi kikichoka au kikivunjika, kinatolewa na kuwekwa kingine. Hilo nalo ni wazo la kuheshimika: fundi amekubali kwamba sehemu fulani itachakaa, akahakikisha kuwa kuibadilisha ni kazi rahisi.

Kwa miaka mingi mikasi hii miwili iliishi katika nchi moja, chini ya msalaba mmoja mweupe, ndani ya visu vyekundu ambavyo mtu asiyevijua angedhani vimetoka kiwanda kimoja. Mwaka 2005 Victorinox iliinunua Wenger. Habari za kampuni kununuana huandikwa zaidi na watu wa fedha, nao huhesabu hisa, madeni na mauzo. Mkasi hawauhesabu. Mimi nataka kuuhesabu.

Chanzo cha visu hivi vyote ni bisibisi. Jeshi la Uswisi lilipochukua bunduki mpya ya Schmidt-Rubin ya mwaka 1889, askari hakuweza kuifungua aisafishe bila bisibisi. Askari huyohuyo alihitaji kukata mkate, kufungua kopo la chakula na kutoboa ngozi ya mikanda. Ikaamuliwa kila mmoja apewe kisu kimoja cha kukunja chenye bapa, msharasi, kifungua kopo na bisibisi, mpini wake ukiwa wa mti wa mwaloni uliokolezwa rangi. Ndani ya Uswisi hakukuwa na kiwanda cha kuvitengeneza vyote kwa wakati, na oda ya kwanza ya visu 15,000 ikaenda Ujerumani, katika mji wa Solingen, kwa kampuni ya Wester & Co.

Karl Elsener, aliyefungua karakana yake Ibach mwaka 1884, hakuridhika kuona askari wa nchi yake wakikata mkate kwa kisu cha Wajerumani. Aliwakusanya mafundi wenzake katika umoja, na mwaka 1891 wakalikabidhi jeshi visu vya kwanza vilivyotengenezwa Uswisi. Lakini Solingen, kwa viwanda vyake vikubwa, iliuza kwa bei ambayo mafundi wadogo hawakuiweza. Wenzake wakajitoa. Elsener akabaki peke yake na madeni, na angefilisika kabisa kama jamaa zake na waliomdai wasingemvumilia.

Kilichomwinua ni wazo moja la kifundi. Kisu cha askari kilikuwa imara lakini kizito. Elsener alitaka kingine chepesi kwa maofisa, chenye bapa la pili dogo na kizibuo cha chupa ya mvinyo. Shida ni kwamba kila zana hudai springi ya kuikaza, na kila springi hukinenepesha kisu. Jibu lake, lililopewa hifadhi ya kisheria tarehe 12 Juni 1897, lilikuwa kuitumia springi ileile moja kukaza zana za pande zote mbili, bapa likifungukia upande huu na kizibuo upande ule. Kwa springi mbili akapanga zana sita. Kila kisu chekundu cha Uswisi unachokiona leo, chembamba au kinene, kimejengwa juu ya wazo hilo. Mama yake, Victoria, alipofariki mwaka 1909, Elsener alikipa kiwanda jina la mama huyo. Mwaka 1921, chuma kisichoshika kutu kilipoingia, jina hilo likaunganishwa na neno la Kifaransa la chuma hicho, ikawa Victorinox.

Wakati huo Jura nako kulikuwa na wafua visu. Kampuni ya Paul Boéchat ilipata mkataba wake wa kwanza wa jeshi mwaka 1893. Baadaye meneja wake mkuu, Théodore Wenger, akaichukua na kuipa jina lake mwenyewe. Naomba msomaji alishike hili, maana litatusaidia mbele: hata jina Wenger, ambalo wapenzi wa visu hulililia leo, lilizaliwa katika ununuzi. Boéchat alifutwa, na kazi ikaendelea chini ya muhuri mwingine.

Mwaka 1908 jeshi likafanya uamuzi wa busara ya kisiasa. Schwyz ni nchi ya wasemao Kijerumani na Jura ni ya wasemao Kifaransa, na serikali haikutaka kuonekana inaupendelea upande mmoja. Oda za jeshi zikagawanywa nusu kwa nusu. Askari wa Uswisi angeweza kupewa kisu cha Ibach, na mwenzake aliyesimama kando yake akapewa cha Delémont, vyote viwili kwa vipimo vilevile vya jeshi. Nje ya jeshi, katika visu vya kuuzia raia, kila kiwanda kilikuwa huru kufuata akili yake. Ushindani huo wa nusu kwa nusu, ambao hakuna aliyeweza kumfukuza mwenzake sokoni, ndio ulioikuza tofauti ninayoisifu.

Kabla ya kuieleza tofauti yenyewe, inafaa kuingia ndani ya kisu tuone ugumu wa kazi, kwa sababu kisu cha kukunja hudharauliwa kirahisi. Kiko mifukoni mwa watoto wa skauti, kinauzwa madukani pamoja na kadi za posta, na watu hudhani mashine inakitema kama kilivyo. SwissChamp, kisu maarufu cha Victorinox chenye kazi 33, kina vipande 64, na kukitengeneza hupita hatua zaidi ya 450.

Chukua suala la ugumu wa chuma peke yake. Bapa hupashwa moto hadi kiasi cha nyuzi 1,040 za Selsiasi, likapozwa haraka, kisha likapashwa tena kwa moto mdogo wa nyuzi 160 ili lisibaki na ukavu wa kuvunjika. Likitoka hapo lina ugumu wa 56 kwa kipimo cha Rockwell. Mkasi, msumeno na tupa ya kucha huachwa kwenye 53. Bisibisi, kifungua kopo na msharasi ni 52. Kizibuo na springi hushuka hadi 49. Mtu angeuliza: kwa nini vyote visiwe vigumu kama bapa? Kwa sababu chuma kigumu hushika makali lakini hakipindi. Bisibisi yenye ugumu wa bapa ingemeguka ncha siku ya kwanza ilipokutana na skrubu iliyoshika kutu. Na springi ikiwa ngumu hivyo ingepasuka katikati, maana kazi yake ni kupinda na kurudi, kupinda na kurudi, maelfu ya mara, kwa miaka mingi kuliko umri wa suruali yoyote itakayokibeba kisu hicho. Ndani ya kitu kinachoenea kiganjani kuna vyuma vya ugumu wa namna nne, kila kimoja kimefikishwa mahali pake na kusimamishwa hapo.

Kisha kuna mkazo. Springi ikikaza kupita kiasi, ukucha unavunjika kabla bapa halijafunguka. Ikilegea, bapa linayumba na linaweza kujifunga juu ya vidole. Katikati ya hapo kuna mahali padogo ambapo zana inafunguka kwa utii, inafika mwisho, na inatoa mlio mfupi mkavu. Fundi anautafuta mlio huo kama mpiga ngoma anavyoikaribisha ngozi motoni hadi sauti ikubali. Ukiwa na kisu kizuri mkononi, fungua zana zake moja baada ya nyingine ukiwa umefumba macho. Zote zitakupa jibu linalofanana, na kulipata jibu hilo kwenye zana nane au kumi zinazogombea springi mbili au tatu ni kazi kubwa. Bapa nene na mkasi wenye viungo vyake hazisukumi springi kwa namna moja, lakini kidole chako hakitakiwi kujua hivyo.

Kwa misingi hii viwanda vyote viwili vilikuwa sawa. Walipoachana ni katika tabia. Visu vya kawaida vya Wenger vilikuwa na urefu wa milimita 85, vya Victorinox milimita 91. Tofauti ya milimita sita ni ndogo kwenye rula, lakini mfukoni inahisika, na mimi naupenda zaidi ule ufupi. Kifungua kopo cha Victorinox kina ncha bapa inayotumika kama bisibisi ndogo, na watu wengi huitumia hiyo ncha kuliko kifungua kopo chenyewe. Kifungua kopo cha Wenger kilipinda kama mundu na kilifanya kazi moja tu. Kwenye bisibisi kubwa, Wenger waliweka namna ya kujifunga: ukiikandamiza skrubu kwa nguvu, bisibisi inajizuia isikunjike juu ya mkono wako. Kwenye baadhi ya visu vyao vikubwa, bapa hujifunga likifunguliwa, na ili kukifungua kifungio chake unabonyeza ule msalaba wa nembo ulio kwenye mpini. Wazo hilo lilinifurahisha nilipokutana nalo, maana kwa kawaida nembo hukaa tu ikitazamwa, na hapa imepewa kazi.

Halafu kuna mpini. Kwa miongo mingi mpini wa kisu cha Uswisi ulikuwa na mbavu zilizonyooka. Wenger wakauchonga upya, ukapata mabonde na matuta yanayofuata vidole, na mfululizo huo wakauita Evolution. Wazee wa visu waliulalamikia kwa sura yake. Waliokata nao matawi kwa saa nzima hawakulalamika, na kwa hukumu yangu hao ndio wa kusikilizwa. Kiganja hakina upande ulionyooka hata mmoja, na Delémont walikuwa wa kwanza kati ya hao wawili kulitia jambo hilo katika umbo la kisu chao.

Nikijumlisha tabia hizo naona hivi: Ibach walikuwa watu wa kusafisha, wakiichukua kazi iliyopo na kuisugua miaka mingi hadi isibaki na kasoro. Delémont walikuwa wadadisi, wakiuliza kama kipande hiki kingeweza kufanya na hiki. Ufundi wa nchi unawahitaji wote wawili.

Septemba 11, 2001 ilibadilisha maisha ya visu hivi kwa njia ambayo hakuna fundi aliyeitarajia. Baada ya mashambulizi ya Marekani, visu vilipigwa marufuku ndani ya ndege na kuondolewa katika maduka ya viwanja vya ndege duniani kote. Maduka hayo yalikuwa soko lao kubwa, kwa kuwa kisu cha Uswisi kilikuwa zawadi ya msafiri. Victorinox walipoteza takribani asilimia 30 ya mauzo ya visu. Hawakumfukuza mfanyakazi hata mmoja kwa sababu hiyo. Walipunguza saa za ziada, wakatumia akiba, na baadhi ya watu wao wakawaazima kwa kampuni jirani hadi hali ilipotengemaa. Wenger, iliyokuwa ndogo, haikuwa na kifua hicho. Ikadhoofika mwaka hadi mwaka, na tarehe 26 Aprili 2005 Victorinox wakainunua.

Mtu anayenunua mshindani wake wa karibu karne nzima ana njia rahisi: kufunga kiwanda, kubeba mashine, kubaki na soko. Victorinox hawakuifuata. Wenger iliachwa Delémont, na jina lake, na visu vyake, na watu wake. Kwa miaka saba na zaidi ilitembea kama kampuni yenye kichwa chake, na katika kipindi hichohicho ikatoa kitu cha ajabu kuliko vyote ilivyowahi kutoa: kisu kikubwa chenye zana 87 na kazi 141, kizito zaidi ya kilo moja, ambacho mkono wa kawaida hauwezi kukizunguka. Kiliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness na watu wakakicheka. Mimi nakitazama kwa heshima. Karibu kila zana ambayo mafundi wa Delémont walijua kuitengeneza imo ndani ya kisu kile, imepangwa bega kwa bega, na kila moja inafunguka. Ukitaka kujua Wenger walijua nini mwaka walipokuwa chini ya mwenye mali mpya, kihesabu kisu kile zana moja moja.

Mabadiliko makubwa yalianzia jeshini. Mwaka 2008 jeshi lilichagua kisu kipya cha askari, kirefu zaidi, chenye bapa la meno linalojifunga na kufunguliwa kwa mkono mmoja, na zabuni ikaenda kwa Victorinox. Ule mgawo wa nusu kwa nusu wa mwaka 1908 ulikuwa umekosa maana, kwa kuwa nusu zote mbili zilikuwa za mwenye mali mmoja. Tarehe 30 Januari 2013 likatoka tangazo: visu vya Wenger vitaingizwa chini ya jina la Victorinox, na jina Wenger litabaki kwa saa na mizigo ya safari. Huenda msomaji ameliona jina hilo mjini, pamoja na msalaba ndani ya mraba wenye pembe za mviringo, kwenye mkoba wa kompyuta mgongoni mwa mwanafunzi. Nembo iliyokaa juu ya visu kwa vizazi sasa inafunga zipu.

Mwaka uliofuata visu vya Delémont vilirudi sokoni vikiwa na nembo ya ngao ya Victorinox, chini ya jina la mkusanyo wa Delémont. Hapa ndipo mpenzi wa ufundi anapopaswa kuweka huzuni kando, akichukue kisu na kukikagua. Mpini ni uleule wa mabonde na matuta. Urefu ni ule wa milimita 85. Mkasi una vijino, na hauna kijispringi. Bisibisi inajifunga. Muhuri ulio kwenye shina la bapa ndio uliobadilika, na nembo. Baadhi ya modeli za zamani zilikatwa, hasa zile za mpini mnyoofu zilizofanana mno na za Ibach, na mantiki yake inaeleweka: hakuna kampuni inayotengeneza vitu viwili pacha ili vigombanie rafu moja. Zile zenye tabia yake zilinusurika.

Ili ujue ukubwa wa jambo hilo, tazama yaliyotokea kwingine. Imperial Schrade ilikuwa kampuni kubwa ya visu vya kukunja ya Ellenville, jimbo la New York. Ilifunga milango mwaka 2004, na majina yake yakanunuliwa na Taylor Brands. Kiwanda hakikununuliwa kiendelee, wala mafundi wake hawakuhama na jina. Visu vyenye jina la Schrade vikaanza kutengenezwa China, na mwaka 2016 Taylor Brands yenyewe ikanunuliwa na Smith & Wesson. Sisemi kwamba fundi wa China hawezi kufua kisu. Anaweza, tena kizuri sana akilipwa na kupewa muda. Ninachosema ni kwamba mnunuzi wa Schrade alinunua herufi. Mtu aliyekuwa akijua springi ile ikazwe kiasi gani alienda nyumbani Ellenville na ujuzi wake, na hakuna mkataba uliomtaja.

Kwa upande mwingine kuna Case, chapa ya mji wa Bradford huko Pennsylvania, iliyopita mikono kadhaa na kuingia taabuni kabla ya kununuliwa mwaka 1993 na Zippo, watengenezaji wa viberiti vya petroli. Zippo nao ni wa Bradford. Mnunuzi alikuwa jirani, aliwajua watu wale, na visu vya mpini wa mfupa vikaendelea kutengenezwa mjini hapohapo. Wakusanyaji wa visu huko Marekani wanazungumzia miaka baada ya 1993 kwa shukrani.

Victorinox walikuwa na sababu ya kimuundo ya kuwa na subira. Tangu mwaka 2000 sehemu kubwa ya hisa zake imewekwa chini ya wakfu wa kampuni, na wakfu wa familia nao una sehemu yake. Faida yake hukaa ndani, ikawa akiba ya siku mbaya kama zile za 2001. Hakuna mwenye hisa wa mbali anayesubiri gawio mwisho wa mwaka. Kampuni iliyokopa ili kununua nyingine huanza kukata mara moja, kwa sababu riba haisubiri, na kinachokatwa kwanza ni kile asichokiona mnunuzi wa haraka: dakika za kusugua, chuma cha daraja la juu, yule mkaguzi wa mwisho anayefungua zana zote kwa mkono. Kisu kinabaki na sura yake kwa miaka miwili mitatu, kisha wateja wanaanza kusema mlio umebadilika.

Pamoja na hayo yote, kuna kilichopotea, na sitaki kukipamba. Ule mkasi wa Delémont haukuhamia Ibach. Visu vya milimita 91 vya Victorinox vimeendelea na kijispringi chao. Nilitarajia kwamba nyumba mbili zikiwa moja, fundi wa Ibach angeiazima akili ya mwenzake, kisu kimoja kikapata unyoofu wa huku na udadisi wa kule. Kila upande ulibaki na desturi yake, na kwa kuwa upande mmoja ni mkubwa na mwingine ni mdogo, najua desturi ipi ina maisha marefu.

La pili ni zito zaidi. Kwa miaka 97 palikuwa na watu wawili waliopewa swali moja na jeshi moja, kila mmoja akijua kwamba mwenzake yuko mezani usiku akilifikiria. Mkasi usio na springi ulipatikana kwa sababu upande wa pili ulikuwa na mkasi wenye springi. Leo swali linaulizwa katika nyumba moja. Nyumba hiyo ni ya waungwana, mafundi wake ni hodari, na chuma chake ni kizuri kama zamani au zaidi. Lakini ile akili iliyokuwa ikitoka nje, kutoka kwa mtu usiyeweza kumwamuru, haiwezi kununuliwa, maana siku inaponunuliwa inaacha kuwa ya nje.

Hukumu yangu ni kwamba Victorinox waliinunua Wenger kwa haki, wakaitunza kuliko ambavyo wengi wangeitunza, na walipoliondoa jina walibakiza kazi. Kati ya jina na kazi, ningechagua hivyohivyo. Théodore Wenger mwenyewe alimfanyia Boéchat jambo hilohilo, na visu havikuharibika.

Kwa msomaji anayetaka kuijua kazi hii kwa mkono wake: ukikuta kisu chekundu cha zamani sokoni kwa mitumba au kwenye droo ya mzee wako, usiishie kwenye nembo. Fungua bapa kubwa usome maandishi yaliyo shinani mwake, pale linapoingia kwenye mpini. Kama limeandikwa Wenger na Delémont, kinunue ikiwa bei si ya kukomoa. Kioshe kwa maji ya vuguvugu huku ukizifungua na kuzifunga zana zote ndani ya maji, kwa sababu uchafu wa mfukoni ndio unaozifanya zana zifunguke kwa shida. Usiupeleke mkasi kwa mnoaji wa barabarani. Vijino vikishasagwa havirudi. Bapa linoe kwa jiwe laini, taratibu, kwa pembe ndogo pande zote mbili. Kikaushe kikauke kabisa, kisha tia tone moja la mafuta kwenye kila kiungo, na yawe mafuta yasiyodhuru chakula, maana kisu hiki utakitumia kumenyea machungwa.